Cherehani ya Tisa

Mtu akitapeliwa Likoni siku zile, watu wote walitoka mbio kumtafuta mwizi. Karani hakutoka mbio. Alivuta kigoda chake, akafuta miwani kwa pindo la kanzu, akauliza swali lake moja, lile lile la miaka yote: "Nani alikwambia umpe?"

Swali hilo liliudhi. Mtu ameliwa vyake, roho inamwuma, anataka asikie mwizi akilaaniwa yeye na kizazi chake, halafu mzee huyu anauliza habari za mtu mwingine kabisa. Nimewaona watu wazima wakiinuka na kuondoka wakinuna. Nimewaona pia wakirudi kesho yake na jina mdomoni. Hapo ndipo ungemwona Karani akisisimka. Alisugua viganja, akajisogeza mpaka ukingoni mwa kigoda, akasema, "Haya, karatasi iko wapi?"

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sisemi, kwa sababu sijui, na kila aliyejaribu kumwuliza aliishia kuulizwa yeye. Nilimkuta tayari mzee, tayari Karani. Watu walisema aliwahi kuandika katika mahakama ya kadhi kule kisiwani, ng'ambo ya feri, akaacha kwa ugomvi ambao kila mmoja aliusimulia kivyake. Kwetu alikuwa mtu wa kuandika barua. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto wawili na cherehani moja, mlango wangu ni wa tatu kutoka kwake, na haikupita siku bila kumsikia akigombana na kuku wa jirani.

Malipo yake yalikuwa karatasi. Vita vilikuwa vikali, meli zilileta askari badala ya bidhaa, na karatasi ilikuwa adimu kama sukari. Ukitaka barua moja, ulimpelekea karatasi mbili, ya kuandikia na ya kwake. Hakuchagua. Alipokea migongo ya kalenda, karatasi za ndani ya pakiti za majani ya chai, hata mifuko ya saruji, ambayo aliipiga pasi kwa uangalifu kuliko alivyopiga kanzu zake. Niliwahi kuona barua ya kwenda kwa bwana mkubwa wa bandarini imeandikwa juu ya mfuko wa saruji, kwa hati nzuri mno mpaka ukasahau unasoma nini. Na bwana mkubwa alijibu.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, kwa hiyo watu walijua kuketi upande wa kulia. Mtu akianza kulia na kuapiza, Karani aligeuza kichwa taratibu akampa la kushoto, akangoja. Akifika penye maneno yenyewe, nani kasema nini mbele ya nani, kichwa kilirudi. Sijui alijuaje wakati wa kurudi. Alipenda kusema, "Usinambie alimaanisha nini. Nambie alisema nini, neno kwa neno." Ukiongeza neno lako alilikata mbele ya macho yako, kwa kalamu.

Na mtu huyu, bingwa wa kuwachambua matapeli, alikuwa akitapeliwa kila wiki. Muuza mayai alimwuzia mayai viza mara tatu mfululizo, mtu yule yule, kikapu kile kile. Nikamcheka. Nikamwuliza, je, wewe nani alikwambia? Akanitazama kwa uzito wote. "Nilijiambia mwenyewe," akasema. "Hiyo haina kesi."

Jambo jingine la kuchekesha ni kwamba aliogopa maji. Mtu anakaa Likoni, feri iko hapo chini anaisikia ikipiga king'ora, naye hajavuka mwaka wa ngapi. Barua zake zilivuka, yeye alibaki. Alisema kazi ya kisiwani ameimaliza. Sisi tulijua ni woga, na yeye alijua kwamba tunajua.

Nitasimulia kwanza habari ya mbuzi, maana ndiyo iliyomjengea jina. Vijana watano wa huku kwetu walikwenda Changamwe kutafuta kazi ya kutwa. Wakamkuta mtu wa suruali ya kaki anayesema anauza nafasi za kazi, kila nafasi mbuzi mmoja. Wakatoa mbuzi. Mtu na mbuzi wakapotea. Karani akauliza swali lake, na vijana wakajikuna vichwa. Mwishowe mmoja akakumbuka kwamba mnyapara mmoja, akipita langoni, alimwamkia yule mtu kwa heshima na kumwita bwana. Karani akaruka kwenye kigoda. Barua ilikwenda kwa yule mnyapara, fupi, ikisema kwamba yeye hakula mbuzi, hilo linajulikana, lakini aliwafanya watu wasiojua waamini, na walioamini wako tayari kusimama mbele ya mkubwa wake na kulirudia neno lake.

Mnyapara alikuja Likoni mwenyewe, mshipa wa shingo umemsimama. Aliketi upande wa sikio la kushoto, akafoka mpaka akachoka. Kisha Karani akageuka, akamwuliza kama alimwita bwana au hakumwita. Mwezi haukuisha, mbuzi watano wakashuka kwenye feri wakipiga kelele kuliko abiria, na mji mzima ukateremka kuwapokea kana kwamba ni mahujaji. Tulicheka mpaka tukatoka machozi.

Sasa nije kwenye cherehani.

Pale barabara inapoteremkia feri palikuwa na duka la nguo la Tajiri. Alikuwa mtu wa nyumba ya zamani, mwenye adabu zake, na nusu ya wanawake washonao Likoni tulichukua vitambaa kwake tukalipa baada ya kushona. Baraza yake ilikuwa pana, na kila asubuhi Karani alikuwa pale akinywa kahawa pamoja naye. Hao wawili walikuwa marafiki wa kuchokozana. Na lazima ijulikane baraza ni nini kwetu. Ukimwona mtu ameketi barazani kwa mtu siku moja, utasema ni mgeni. Akiketi wiki nzima, na kahawa ikamtokea ndani, huyo amekwisha kuwa wa nyumba. Kumwuliza wewe ni nani na watoka wapi ni kumvunjia heshima mwenye nyumba mlangoni kwake.

Basi akaja fundi wa cherehani, kijana mtaratibu, kanzu safi, ulimi wa asali. Akaketi kwenye baraza ile wiki tatu. Cherehani zilizokwama alizikaza hapa akazipangusa pale, zikaenda. Jioni, cherehani zilizobaki ziliingizwa katika ghala ya Tajiri na Tajiri akafunga kwa ufunguo wake. Idd ilikuwa inakaribia, kila mmoja wetu ana kazi mpaka kooni. Fundi akasema mashine zetu zinahitaji kusafishwa ndani kwa mafuta ambayo hayapatikani ila kisiwani, siku tatu tu, zitarudi zikiimba. Wanawake wanane wakatoa. Mimi nikakataa. Ile cherehani ilikuwa ya mkono, marehemu mume wangu aliinunua kabla hajaugua, na ndiyo iliyotulisha mimi na wanangu. Nilikuwa nikilala nayo chumbani.

Alhamisi asubuhi nikauona mkokoteni ukiteremka kwenda feri, umebeba cherehani nane, fundi anatembea kando yake. Nikaingiwa na kitu ambacho mpaka leo nakionea haya. Niliona wenzangu wote watashona Idd kwa mashine mpya na mimi yangu inakwaruza. Nikaibeba kichwani, nikakimbia, nikapita mbele ya duka, nikamfikia pale mteremkoni. Akaipokea kwa mikono miwili na kuniita dada.

Jioni yake roho haikutulia. Nikamwendea Karani, nikamwuliza anamwonaje yule fundi. Akafuta miwani kwa pindo la kanzu. Kisha akasema, "Fundi hodari yule. Usiwe na wasiwasi." Nikalala.

Siku tatu zikawa sita. Siku ya saba mtu wa mkokoteni akasema alimshusha fundi na mzigo kituo cha garimoshi. Wanawake tisa tukaangua kilio barazani kwa Tajiri, naye Tajiri akasikitika pamoja nasi, kweli kabisa, akatuletea maji ya kunywa, akasema Mungu atamlipa yule mshenzi. Ndipo Karani akatoka kwake, amebeba kigoda mkononi. Akakiweka katikati ya baraza ya rafiki yake, akaomba karatasi.

Wallahi, sijaona siku kama ile. Watu walijaa mpaka njiani, imamu akaitwa awe shahidi, na hata wasafiri wa feri waliacha feri ikaondoka. Karani alianza na mama mmoja Mrabai, mke wa kuli wa bandarini, aliyekuwa akishona sare za shule. Nani alikwambia umpe? Mama yule hakuwa na deni la kitambaa kwa Tajiri wala hakuwa na haya naye.

"Fundi simjui mimi," akasema. "Nakujua wewe, Tajiri. Nilisimama hapa na cherehani yangu, nikakwambia naogopa. Ukanambia, mpe tu, mama, huyu ni wetu. Ungenyamaza, ningerudi nayo nyumbani."

Wengine wakafuata, na maneno yalikuwa yale yale au karibu yake. Tajiri akajitetea. Akasema hakuiba, hakula hata pini, na yeye pia alidanganywa. Karani hakubisha. Akamwuliza polepole ufunguo wa ghala ulikuwa wa nani, na nani aliifungua Alhamisi ile mzigo ukatoka, na kama aliuliza mwenye kila cherehani ameridhia. Kahawa ilikuwa ya nani. Kitambaa kilichouzwa wiki zile tatu, wanawake walipokuwa wakingoja mashine zao, kiliuzwa na nani. Kila jibu lilikuwa "mimi", na kila "mimi" ilitoka kwa sauti ndogo kuliko ile iliyotangulia.

"Mwizi alichukua mashine," Karani akasema. "Lakini hawa hawakumpa mwizi. Walikupa wewe. Hiyo ni dhamana, rafiki yangu, hata kama hukuiandika."

Tajiri aliinamisha kichwa. Kisha akasema, na kwa neno hilo nilimheshimu mpaka kufa kwake, kwamba nane atazilipa. Watu wakapiga vigelegele. Tajiri akanyanyua mkono. Ya tisa, akasema, hakuiona. Haikuingia ghalani kwake, haikupita mdomoni mwake. Hilo lilikuwa kweli.

Wote wakanigeukia. Karani akanigeuzia sikio lake zima.

"Na wewe, mwanangu. Nani alikwambia umpe?"

Jibu la kweli lilikuwa jibu la mayai. Nilijiambia mwenyewe, na hiyo haina kesi. Nikawaona wanangu wawili wamesimama karibu na nguzo. Nikawaza Idd, nikawaza baada ya Idd. Nikafungua mdomo, nikasema, "Ni wewe, Karani. Ulinambia fundi hodari yule, usiwe na wasiwasi."

Baraza ikavuma. Karani hakutikisika. "Neno kwa neno, ndivyo nilivyosema," akawaambia watu. Kisha akaniuliza lini.

"Jumatano," nikasema. "Siku moja kabla sijampa."

Maneno yalikuwa yake. Siku ilikuwa yangu. Alinitazama juu ya miwani. Halafu mzee yule akacheka. Alicheka kwa furaha, akapiga paja, akachovya kalamu, na chini ya jina la Tajiri akaandika jina lake mwenyewe, kwa hati nzuri ile ile, akisoma kwa sauti anavyoandika. Watu walipiga makofi. Imamu alisema hajapata kuona mtu anajishtaki kwa raha namna ile. Mimi niliomba ardhi inifungukie.

Karani hakuwa na kitu. Alikuwa na saa ya ukutani, ile ya kugonga, ambayo mtaa mzima tuliifuata. Akaiondoa ukutani, akaifunga kwenye shuka, na Jumatatu yake akateremka kwenda feri. Habari ilimtangulia. Kina mama waliacha masufuria jikoni. Alisimama mbele ya feri kama mtoto mbele ya jando, midomo inasoma, kisha akafumba macho akaingia, akavuka amefumba vivyo hivyo, ameikumbatia saa. Alivuka mara tatu wiki ile kabla hajapata alichotaka. Mara ya mwisho alirudi bila saa na akiwa na cherehani ya mkono magotini, kuukuu, maua yake ya dhahabu yamefutika nusu. Vijana wakambeba juujuu mpaka mlangoni kwangu. Niliipokea nikilia, na watu wakadhani ni furaha. Furaha ilikuwepo, sikatai. Nilishona usiku na mchana mpaka Idd.

Tajiri naye alitimiza. Mashine alizopata alinunua, nyingine alifidia kwa majora ya kitambaa, na mama Mrabai alikataa kitambaa mpaka akaletewa mashine. Lakini kubwa ni lile lililofuata. Siku moja Tajiri mwenyewe alikuja mlangoni kwa Karani na karatasi mbili mkononi, akaketi upande wa kulia, akasema yule fundi hakuanguka kutoka mbinguni. Aliletwa kwake na barua ya shemeji yake wa kisiwani, iliyosema huyu ni mtu mwema, mpokee. Karani alifurahi kama aliyepata mjukuu. Barua ikavuka maji. Shemeji akatoa nusu ya gharama, akakumbuka kwamba naye aliambiwa na mtu. Sijui mnyororo ule uliishia wapi. Pengine mpaka leo kuna mtu Shanzu au Kisauni anapokea barua na kujiuliza alisema nini.

Ila tangu siku ile ya kesi barazani Karani hakuonja kahawa tena. Alirudi barazani kwa Tajiri, wakachokozana kama zamani, lakini sinia ikija alitikisa kichwa. Wengine walisema bado ana kinyongo. Wengine walisema ni tumbo. Nilipomwuliza, alinigeuzia sikio la kushoto.

Vita vikaisha, karatasi ikarudi madukani, na watu wakaanza kumlipa kwa fedha, jambo ambalo halikumpendeza. Macho yakamwishia. Mpwa wake akamchukua akakae naye Bofu, na mimi kazi zikanishika, wanangu wakakua, ikapita miaka miwili bila kumwona. Nilikuwa nikipita mbali na jina lake. Kila nilipozungusha ule mkono wa cherehani nilisikia saa ikigonga.

Mwishowe nikashindwa. Nikamshonea kanzu, nikaikunja, nikaenda. Nilimkuta ameketi ukumbini, amekuwa mdogo, nguo zimemzidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunitaja jina kabla sijajitambulisha. Mpwa wake akaleta sinia yenye kikombe kimoja, akakiweka mbele yangu. Karani akaipapasa kanzu, akafuata mshono kwa kidole kutoka bega mpaka pindo, akasema mashine ile bado inakwenda sawa.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia maneno aliyasema Alhamisi jioni, si Jumatano, na kwamba yalipotoka cherehani yangu ilikuwa tayari kwenye garimoshi. Nikamwambia nilimwuzisha saa yake kwa uongo wa siku moja, na kwamba nimekuja na fedha, anisamehe.

"Weka fedha zako," akasema. "Nilijua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Alhamisi asubuhi nilikuwa barazani, mwanangu. Nilikuona ukipita mbio, umeibeba kichwani, mtoto mdogo nyuma yako analia umwache aje. Na kucha za yule kijana nilikuwa nimeziona tangu mwanzo wa wiki. Wiki tatu anashika mafuta na vyuma, kucha safi kama za bwana harusi. Nilikwisha kumtilia shaka. Jioni ukaja kuniuliza, nikaona haya kusema nimechelewa."

Nikamwuliza kwa nini asubuhi ile hakuniita. Ningesikia. Duka lilikuwa hatua kumi.

Alikaa na kanzu magotini, vidole vimesimama juu ya mshono.

"Kikombe kilikuwa mkononi," akasema. "Ndio kwanza kimejazwa. Nikasema, nimalize kahawa kwanza."

Kahawa yangu ilikuwa mezani inatoa mvuke. Niliisogeza kando, nikainuka, nikamsaidia kuvaa kanzu.